Mwamini na Mshika Shingo

Siku ya soko, mji wa Rumonge ulinuka mawese na ndagala. Wanawake wa kijiji cha Kizuka walikuwa wameteremka na mitungi yao ya mafuta, wavuvi wametandaza samaki hao wadogo juu ya mikeka, na watu wako katikati ya kubishana bei pale askari wanne wa serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, walipoziba njia na kuanza kuwapanga, wanaume huku, wanawake kule.

"Shingo! Hatoki mtu sokoni bila kushikwa shingo!"

Ulikuwa mwaka wa pili tangu malale ianze kuvimaliza vijiji vya kando ya ziwa. Ugonjwa uliletwa na mbung'o, nzi wa vichakani anayeuma kama mwiba. Ulivimbisha tezi za nyuma ya shingo, kisha ukanyamaza miezi, pengine miaka, mpaka siku mtu alipoanza kusinzia na tonge mkononi. Wadachi walikuwa wamejenga kambi ya wagonjwa mwendo wa saa mbili kusini mwa mji, na walikuwa wamewafundisha vijana wachache kazi moja tu, kupapasa shingo za watu.

Aliyeletwa siku ile aliitwa Nasoro, mwenyeji wa Ujiji, umri wake miaka ishirini na sita, kanzu nyeupe na kitambaa chekundu cha watu wa kambi kimefungwa mkononi. Alikuwa amekwisha kupapasa shingo sitini alipofika kwa mwanamke aliyevaa kanga nyeupe yenye madoa mekundu, nywele kazisuka kwenda juu, pini ya fedha sikioni. Huyo alikuwa Mwamini binti Ramazani, mshonaji wa kofia.

"Inama kidogo, dada."

"Niiname kwa nani? Mie sijapata kuinama hata kwa mume."

"Una mume?"

"Na hilo nalo limo katika amri ya serikali?"

Mstari mzima ulicheka. Nasoro aliona masikio yake yanapata moto.

"Dada, nakuomba. Jua kali na watu wengi."

"Shika basi. Lakini shingo yangu si papai, usinibonyeze ukitafuta kama limeiva."

Aliishika. Ilikuwa laini na yenye jasho, inanuka karafuu, na haikuwa na uvimbe wowote. Vidole vyake vilikawia pale kuliko kazi ilivyotaka.

"Iko safi," alisema.

"Murakoze, Bwana Shingo," Mwamini alishukuru kwa Kirundi.

Jina likamganda mji mzima.

Soko lililofuata alikuja bila askari, akanunua kofia. Lililofuata, akanunua nyingine. Mara ya tatu Mwamini aliweka sindano yake chini akamtazama.

"Una vichwa vingapi wewe?"

"Kimoja. Na hicho nacho umekichukua."

"Maneno ya Ujiji hayo. Huko mnafundishwa chuoni?"

"Tunazaliwa nayo."

Siku ambazo kazi ilimzuia kambini alimwandikia barua kwa herufi za Kiarabu, naye Mwamini, aliyekuwa amehitimu Kurani kwa mwalimu wa kike, alizisoma polepole mlangoni huku mamaye, Bi Asiya, akijifanya anachambua mchele. Moja ilisema: "Kipenzi, leo nimeshika shingo mia na kumi, na zote hazikuwa yako. Nimechoka kama mtu aliyetafuta kitu mahali ambapo anajua hakipo." Mwamini aliikunja akaitia kifuani. Kabla ya mwezi wa Shaabani ami yake Nasoro alipanda mtumbwi kutoka Ujiji kuja kuposa, Bi Asiya akakubali, na arusi ikawekwa baada ya Ramadhani.

Wiki mbili baada ya posa kulikuwa na ukaguzi tena. Mwamini alifika mbele ya mchumba wake akicheka, akainama mwenyewe bila kuombwa. Vidole vya Nasoro vilipita nyuma ya shingo, vikasimama, vikarudi. Chini ya ngozi kulikuwa na vinundu vitatu, vyepesi, vinavyoteleza kama punje za kunde zilizolowekwa.

"Vipi?" Mwamini aliuliza. "Mbona unarudia?"

Nasoro alimwongoza mwenyewe hadi kwenye hema la Bwana Daktari, Mdachi mrefu asiyecheka, aliyekuwa hapumziki hata Jumapili. Wakatoboa tezi kwa sindano nyembamba, wakatia tone juu ya kioo, na Nasoro akainama juu ya darubini ya kutazamia damu. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Nipishe nione," Mwamini alisema.

"Hapana haja."

"Ni damu yangu, Nasoro."

Akampisha. Mwamini aliweka jicho. Katika duara la mwanga aliona viumbe vyembamba kama nyuzi, vinajinyonganyonga, vinasukumana, vina haraka.

"Wazuri," alisema, jicho bado kwenye darubini. "Kumbe wanaonila ni wazuri hivi."

Akahamia kambini. Vibanda vya nyasi vilipangwa safu, vichaka vyote vya kando ya mto vimefyekwa ili mbung'o wakose kivuli. Kila baada ya siku kumi wagonjwa walichomwa sindano mbili, leo moja, kesho moja. Homa iliyokuwa imemwanza Mwamini ikakatika, mwili ukarudi, tezi zikapungua. Walianza tena kupanga arusi.

Ndipo ikaja barua kutoka Ulaya. Bwana Daktari alimwita Nasoro akamweleza. Mabingwa wa huko walikuwa wameandika kwamba dawa kidogo huwalaza tu wale wadudu, na dawa nyingi ndiyo itakayowaua. Kipimo kiongezwe maradufu.

"Na wale wa kambi ya kaskazini, Bwana?" Nasoro aliuliza. "Nimesikia walioongezewa dawa wamepofuka."

Daktari alivua miwani akaifuta.

"Mmoja katika ishirini, labda. Tukiwaambia watatoroka wote ishirini, na wote ishirini watakufa. Wewe ungefanyaje?"

Nasoro alitoka akaenda kuandaa sindano. Jioni ile Mwamini, akiwa ameketi mlangoni anashona kofia ya arusi, alimuuliza, "Wanasema dawa imebadilishwa. Haina ubaya?"

Nasoro alimtazama machoni, yale macho makubwa yaliyofuata uzi wa hariri bila kukosea tundu moja.

"Haina, moyo wangu. Itauma kidogo tu."

Mara ya tatu ya dawa mpya, katika kibanda cha jirani, mwanamke mmoja wa ukoo wa Waarabu, Suad, mke wa mwenye duka, aliamka asubuhi akauliza kwa nini hawajafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Baada yake wakapofuka wengine wawili. Mwamini alikwenda kumlisha uji, naye Suad akamshika mkono.

"Nilipoingia hapa niliona, mwanangu. Wale wa kaskazini nao waliona. Kamuulize mchumba wako, yeye anajua. Nilimsikia akiongea na Mdachi."

Alimkuta Nasoro akichemsha sindano.

"Ulijua?"

Nasoro hakuuliza alijua nini. "Nilijua."

"Ukanitazama machoni ukaniambia haina ubaya."

"Nilitaka upone. Ungekimbia, Mwamini. Ungekimbia ukafa."

"Labda ningekimbia. Labda ningekaa. Hukunipa nafasi ya kujua ningefanya lipi." Alikuwa hapigi kelele, na hilo lilimuumiza Nasoro zaidi. "Wale wadudu wa kwenye kioo walikuwa na haya kuliko wewe. Wao nimewaona wanachofanya."

Mchana ule ule, watu wakiwa kwenye chakula, alijitanda kanga yake akatoka kambini kwa miguu. Yeye na mamaye wakapanda hadi Kizuka, kwa ndugu za Bi Asiya, kwenye michikichi.

Nasoro aliandika barua nane. Hakujibiwa hata moja. Mwamini aliamini barua zile zilikuwa mtego na kwamba nyuma yake watakuja askari na kamba, kwa kuwa ndivyo walivyoletwa watoro wengine. Kila mbwa alipobweka aliingia ndani. Hakujua kwamba Nasoro alikuwa amemwambia Daktari kuwa binti yule amevuka ziwa kwenda upande wa Kongo, wala kwamba uongo ule ungalimpatia viboko ishirini na tano kama ungalijulikana.

Muda si mrefu ikaja barua ya pili kutoka Ulaya. Mabingwa walikuwa wamebadili mawazo, macho ya watu yanaharibika mno, kipimo kipunguzwe. Kikapunguzwa. Watu hawakupofuka tena. Walipona miezi mitatu, minne, kisha wadudu wakarudi, na waliorudiwa wakaanza kuzikwa. Suad alibaki kipofu. Kambi ikaendelea.

Mwezi wa tano tangu Mwamini atoroke, Bi Asiya alishuka kambini peke yake, vumbi hadi magotini.

"Amahoro, mama," Nasoro alimtakia amani, akiinuka.

"Amahoro iko wapi? Mutoto analala akiwa anakula. Juzi amelala na uzi mdomoni. Akiamka anacheka ovyo, halafu analia. Wewe ndiye mwenye kujua vitu hivi. Njoo."

Walipanda pamoja. Njiani Nasoro alimweleza uongo wa Kongo aliompa Daktari, na kwamba askari hawakutumwa, na Bi Asiya alisimama akamtazama, kisha akaongeza mwendo.

Mwamini alikuwa ameegemezwa ukutani kwenye kivuli cha nyumba. Amekonda, kanga ile ya madoa mekundu imemzidi. Mamaye aliinama akamnong'oneza yote aliyosikia njiani. Mwamini alifungua macho taratibu.

"Bwana Shingo. Kwa hiyo nilivuka ziwa?"

"Ulivuka. Kwa mtumbwi mzuri."

"Na mie nilikuwa najificha kwenye ghala la mawese kila mbwa akilia. Nilinuka miezi mitano." Alicheka, kisha macho yakafumba, na Nasoro akangoja. Alipoyafungua tena aliendelea pale pale. "Umeleta sindano?"

"Sikuleta."

"Kwa nini?"

Nasoro alimshika mkono. "Wale wadudu wamefika kichwani. Dawa haifiki huko, si kidogo, si nyingi. Ningekuchoma ungepata maumivu bure, pengine na upofu. Hakuna mtu anayejua la kufanya, Mwamini. Ulaya hawajui. Mimi sijui."

Machozi yalimteremka Mwamini, akayaacha.

"Hicho ndicho nilitaka kusikia," alisema. "Si hayo ya dawa. Wewe, ukisema kweli." Kisha, baada ya kusinzia kidogo, "Nioe basi. Usinioe kwa huruma. Nikiamka nataka nimkute mume wangu, si mgeni."

"Leo?"

"Alhamisi. Leo sijasuka nywele."

Walioana Alhamisi alasiri. Nasoro alirudisha kitambaa chekundu kwa Daktari na hakurudi kazini. Waliishi mume na mke wiki saba. Saa alizokuwa macho zilipungua kutoka nne, zikawa mbili, zikawa kidogo tu baada ya adhuhuri, na Nasoro alizitumia zote kumsimulia soko la Ujiji, kumlisha ndizi zilizopondwa, na kugombana naye juu ya majina ya watoto ambao wote wawili walijua hawatazaliwa. Siku moja Mwamini alimwambia, kwa akili timamu kabisa, "Nikifa yule Mdachi atataka kunipasua kichwa atazame. Mwambie hapana. Wamenitazama vya kutosha."

Alikufa Jumanne, mapema asubuhi, bila kuamka.

Habari haikukawia kufika kambini. Kabla ya maziko Bwana Daktari alipanda mwenyewe hadi Kizuka, bila askari, na sanduku la ngozi mkononi. Alimkuta Nasoro akichimba pamoja na wanaume wa pale. Aliomba atazame kichwa, na Nasoro akamjibu kama alivyoagizwa na Mwamini. Daktari hakubisha, wala hakuuliza juu ya Kongo. Alivua kofia, akasimama juani hadi maiti iliposhushwa na watu wakaanza kufukia.

"Nasoro. Kama tungempa dawa kidogo tangu mwanzo hadi mwisho. Au kama asingetoroka. Unadhani angeishi?"

"Sijui, Bwana."

Daktari alilitazama kaburi.

"Mimi pia sijui," alisema.

Lilikuwa bado halijajaa. Nasoro alichukua jembe akaendelea kufukia, na mwenzake aliweka sanduku chini, akachota udongo kwa mikono.