Dakika ya Mwisho ya Mama

Kompyuta ilisema nakala ya diski imekamilika. Deki ya sebuleni ikaitema kama mtoto atemavyo dawa.

"Bado tu?" baba aliuliza kutoka kitini. Kesho asubuhi angepasuliwa macho, na daktari hakumwahidi kitu. Alitaka kumwona marehemu mkewe mara moja zaidi, kwenye runinga kubwa.

"Bado, baba. Nipe dakika."

Binti yake mkubwa, mtunza picha zote za familia, alirudi chumbani akisonya. Diski ile ya harusi ya kaka yake ilikuwa na dakika arobaini na mbili. Mama alionekana dakika tatu za mwisho tu. Akaifungua kwenye kompyuta. Dakika ya mwisho haikuwa ya harusi. Ilionyesha mgongo wa mwanamke aliyeinamia kompyuta, amevaa kanga ileile aliyovaa binti leo.

Chumba kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Akajaribu nakala nyingine. Deki ikaitema. Na sasa mgongo ulikuwa umekula dakika mbili, nao ulionekana kwa karibu zaidi.

Akampigia fundi.

"Dada, uliifunga hiyo diski?"

"Kuifunga vipi?"

"Ukirekodi nyumbani, lazima uifunge kwenye deki ileile iliyoirekodi, ndipo deki nyingine ziisome. La sivyo ni mlango wazi, yeyote anaingia." Fundi akacheka. Yeye hakucheka.

Deki kuukuu iliyorekodi harusi ilikuwa stoo. Haikutoa picha tena, lakini kitufe cha kufunga kilikuwa kizima. Akaichomeka chumbani, akaiingiza diski ya harusi, akabonyeza, na deki ikaanza kunguruma, na ile harufu ikapanda, na pumzi isiyo yake ikamgusa shingoni, ikifuata mpigo wa deki, naye akang'ang'ania kitufe kama mtu anayeegemea mlango unaosukumwa, akinong'ona, "Huyu ni mama yetu, humpati," mpaka ngurumo ikakatika.

Nakala ya tatu deki ya sebuleni iliipokea. Ilibaki dakika moja. Mama alijitanda vizuri, akatazama kamera: "Mzee, njoo tupigwe picha!"

"Nakuja, mke wangu," baba akasema, machozi yakimtiririka. "Binti yangu, umenilipa yote."

Binti alirudi chumbani akitabasamu. Deki kuukuu ilikuwa tupu, waya wake alikuwa ameuchomoa kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo, taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka.

Sebuleni baba aliuliza kwa upole, "Binti yangu, mbona umerudi hapa bila kusema kitu? Na nini hiki kinachonuka majivu?"