Apokelewe na Ndugu

Kifufuawino kiliinamia daftari kuukuu, kikamulika mwanga wa zambarau, na maneno yaliyofifia zamani yakarudi moja moja, kama watu wanaoamka. Mashine ile ilisoma wino wowote, ila kufunua kurasa ilishindwa. Vidole vyake vya chuma vilichana karatasi. Ndiyo maana Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo ilimwajiri Nyamizi.

"Taratibu, binti," mashine ilisema. "Hizi ni rehema za Gavana, si karatasi za kufungia maandazi."

"Wewe hata ladha ya andazi huijui."

Madaftari yale yalikuwa na majina ya wafungwa waliosamehewa na Gavana kila sikukuu ya Jimbo. Kwa miezi minane Nyamizi alikuwa akisubiri jina moja tu, Maganga Kasanda, baba yake. Alifungwa miaka kumi, bila ruhusa ya kutembelewa, kwa kung'oa vigingi vya kiwanja cha vyombo vya anga. Miaka kumi ilipita, hakurudi. Watu wakasema ameoa kwingine. Mama bado alimwekea chakula kando kila jioni.

Siku hiyo jina likatokea. Mwaka wa pili wa kifungo: *Amesamehewa.*

Kumbe aliachiwa mapema! Akaenda wapi basi?

"Soma mpaka chini," Nyamizi alisema.

"Aachiwe akipokelewa na ndugu, naye aweke dole gumba hapa. Wito umepelekwa mtaani kwao mara tatu, umerudi mara tatu. Mtaa haupo." "Amefariki gerezani, mwaka wa nne wa kusubiri."

Mtaa ulikuwa umehamishwa kupisha kiwanja.

Kesho yake Nyamizi alimleta mama yake, Bi Kalunde, akamsomea yote. Mama alikaa, mikono mapajani.

"Kumbe hakunikimbia."

"Hakukukimbia, mama."

"Nami namtukana miaka yote hii, huku namfunikia ugali." Akaigeukia mashine. "Hapo pa dole, nani aliweka?"

"Pako wazi, mama. Faili halijafungwa."

"Nipe wino."

Mashine haikuwa nao. Yenyewe ilijua kuufufua tu. Nyamizi akavunja kalamu yake. Bi Kalunde akachovya dole, akalibonyeza kwenye karatasi, asiliondoe upesi.

"Haya, baba Nyamizi," akasema. "Nimekuja. Twende nyumbani, chakula kinapoa."