Kiti cha Wizara ya Ardhi

Glasi ya kumi na saba ilikuwa tupu, na kwenye kiti cha kumi na saba hakukuwa na mtu.

Mhudumu wa ukumbi wa baraza aliitazama, sinia mkononi. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, jua limejaa madirishani, na mawaziri wapya walikuwa wametoka kwenye kikao chao cha kwanza. Glasi nyingine zote zilikuwa na maji, maana waheshimiwa wengi hawanywi maji ambayo hawakuyafungua wenyewe. Hii moja ilikuwa kavu, hata tone hakuna. Akajisemea kwamba jirani wa kushoto kanywa, akaiosha, akaendelea na kazi.

Kiti hicho kilikuwa cha Wizara ya Ardhi. Uchaguzi ulimpa Rais ushindi mwembamba, ikabidi chama chake kiungane na chama kilichokuwa kikimtukana hadi juzi, waunde serikali ya mseto. Waligawana wizara zote bila kupigana ngumi, isipokuwa hiyo. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa kila mmoja alilitaka zizi lenyewe. Baada ya wiki tatu wakatia saini kifungu kimoja cha ajabu: mpaka mwafaka upatikane, kiti cha Ardhi kibaki wazi, lakini kiandaliwe kama vingine katika kila kikao, asije mtu akadai kimefutwa. Kiwekewe maji, karatasi, kalamu, na kibao cha jina kisicho na jina. Watu wazima wenye shahada zao walikaa wakaandika hivyo.

Mhudumu alifuata maagizo. Na kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na minne ya kupita nyuma ya viti akimimina maji na kusema kwa sauti ya chini, "Karibu, mheshimiwa," alipofika pale pia alisema. Mdomo ulikuwa umeshazoea.

Kikao cha pili kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Waziri mmoja alifungua dirisha, mwingine akamtazama kwa jicho baya kana kwamba ni hujuma ya chama. Mhudumu, akiwa amesimama ukutani, alisikia ngozi ya kiti ikilia taratibu, kama inavyolia mtu mzito anapojiweka vizuri. Alijizuia asiangalie upande ule.

Kikao cha tatu walipiga kura ya mikono kuhusu jambo dogo tu, ratiba ya sherehe. Waliohudhuria walikuwa ishirini na watatu. Katibu wa baraza alihesabu mikono, akasimama, akahesabu tena.

"Ishirini na nne," alisema, kisha akavua miwani. "Samahani. Nimechoka."

Waheshimiwa wakacheka. Mhudumu hakucheka, kwa sababu safari hii aliangalia, na juu ya ile karatasi nyeupe ya kiti cha kumi na saba aliona kalamu, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameilaza kushoto, imelala kulia, bila kifuniko, na wino ukiwa bado unang'aa.

Alasiri hiyo alikwenda kwa mama mstaafu aliyemwachia kazi ile. Alimkuta barazani kwake akishona vifungo vya shati. Akamweleza yote, kwa sauti ya chini, japokuwa walikuwa wawili tu.

"Kiti kitupu sisi tulikuwa tunakigeuza uso ukutani," mama alisema. "Hukufundishwa?"

"Nilifundishwa, Mama. Lakini mkataba umesema kiandaliwe."

"Ukakiwekea maji."

"Nikakiwekea."

"Na karibu ulisema?"

Mhudumu akainamisha kichwa. "Mara tatu."

Mama aliweka sindano chini. "Basi huyo hakuvamia, mwanangu. Ni jini, na ni mgeni wenu. Hutamfukuza kwa ubani."

"Atatokaje?"

"Wenye kiti wamwambie kwa kauli moja kwamba hana nafasi. Vyama vyote viwili. Mmoja akisitasita, hatoki."

"Wale, Mama? Kauli moja?"

Mama aliokota sindano, akaendelea na kifungo chake.

"Na akiteuliwa mtu wa kukaa pale?"

"Basi hatahitaji kiti tena. Atakuwa na mwili."

Alikuwa njiani kurudi nyumbani simu ilipolia. Alikuwa mdogo wake. Huyu, tangu utotoni, waliomfahamu walimwita Chiriku, kwa kuwa hakujua kunyamaza. Mama yao alipofariki, mhudumu, dada yake, ndiye aliyemlea na kumsomesha, na Chiriku alikuwa akiongea mpaka usingizini. Sasa alikuwa mpima ardhi wa kuheshimika, hana kadi ya chama chochote.

"Dada, kaa chini kwanza. Wamepatana. Wametafuta mtu asiye wa huku wala kule, wakaniona mimi. Waziri wa Ardhi! Kesho asubuhi naapishwa, kisha naingia kikaoni moja kwa moja. Utanimiminia maji, dada. Usinipunje."

Mhudumu alishika ukuta wa duka la watu.

"Kataa."

"Hata hongera hakuna?"

Akamweleza. Upande wa pili Chiriku alisikiliza, kisha akacheka, lakini kwa upole. "Nimwambie Rais nimekataa kwa sababu ya glasi? Dada, umechoka. Wiki hizi zimewachosha wote."

Hakulala vizuri. Asubuhi mapema aliingia ukumbini, akakigeuza kiti cha kumi na saba uso ukutani, akaondoa maji, karatasi na kibao. Kilikuwa kizito kuliko viti vyote alivyowahi kusukuma, na egemeo lake lilikuwa na joto. Alipokuwa anamalizia, maofisa wa itifaki wa vyama viwili waliingia kukagua.

"Nani kagusa kiti?" akauliza wa kwanza.

"Kifungu cha tisa," akasema wa pili. "Kiti kisiguswe."

"Ndugu zangu," mhudumu alisema, "naomba mseme neno moja tu, pamoja. Semeni humu hamna nafasi ya asiyeitwa. Halafu nifukuzeni kazi."

Wakatazamana. Tangu uchaguzi watu hawa hawakuwahi kukubaliana hata juu ya saa ya chai.

"Kirudishwe mahali pake," walisema wote wawili kwa pamoja.

Na kikarudishwa.

Saa tatu Chiriku aliingia na suti mpya, akisalimia kila mtu, akimtania katibu kuhusu miwani yake, akaanza kumsimulia jirani yake kisa cha mpaka wa shamba na mbuzi, na huku anasimulia akakivuta kiti, na ngozi ikalia kabla hajaigusa, na dada yake ukutani akafungua mdomo amwite kwa jina lao la nyumbani, sauti isitoke, na ile harufu ya nywele ikapanda, ikajaa, kisha ikakatika ghafla kama mlango uliofungwa, na Chiriku alikuwa amekaa, na kisa cha mbuzi hakikuisha.

Jirani alisubiri. "Ikawaje?"

Chiriku alimtazama tu.

Katibu alihesabu mahudhurio. "Ishirini na nne," alisema kwa furaha. "Leo hesabu imekubali."

Mhudumu alizunguka na jagi. Alipofika kiti cha kumi na saba alimimina, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne hakusema neno. Mdogo wake aliinua glasi, akanywa yote kwa mkupuo mmoja, akaiweka chini ikiwa kavu. Kisha akageuza uso.

"Leo hukunikaribisha," alisema polepole. "Siku zile tatu ulinikaribisha vizuri."

Mhudumu alitaka kukimbia. Lakini mle ndani, mahali fulani, alikuwamo Chiriku wake, na huenda alikuwa na kiu. Akainua jagi, akamjazia tena.