Kwa Dada kwa Baiskeli

Kila asubuhi Fundi alivuta cherehani yake mpaka mlangoni, kwenye mwanga. Ilikuwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Alikunja suruali, alipunguza viuno, aliziba matundu ya mashati. Mtaa mzima ulivaa kazi ya mikono yake.

Siku hiyo cherehani ilinyamaza mapema. Mumewe, aliyefanya kazi ya kupaka rangi nyumba, alikuwa akikoroga rangi uani. Akaja kuchungulia.

"Mama watoto, vipi? Unaumwa?"

"Nimeongea na dada kwenye simu. Jicho moja limekwisha kabisa. La pili linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu."

Dada alikuwa na ugonjwa wa presha ya macho. Daktari alimpa dawa ya matone. Alimwambia wazi kwamba dawa ingechelewesha upofu tu. Nuru iliyokwisha kupotea isingerudi. Dada huyu ndiye aliyemlea Fundi baada ya mama yao kufariki. Aliishi mbali, ng'ambo ya milima, na walikuwa hawajaonana miaka mingi.

"Anataka kuniona," Fundi alisema. "Sauti yangu anaisikia kila wiki. Sasa anataka kuniona."

Kwa nini asipande basi? Alishajaribu. Gari likianza tu kutembea, tumbo lake hupanda kooni. Mara ya mwisho alishushwa njiani akiwa hoi. Baiskeli, kinyume chake, aliipenda tangu utotoni.

"Nitakwenda kwa baiskeli," alisema.

Mumewe akacheka. "Baiskeli yako inajua njia ya sokoni tu."

"Na hii miguu je? Inakanyaga kutwa. Ningekuwa natembea, ningeshafika kwa dada mara mia."

Mumewe akaitazama ile miguu, akarudi kukoroga rangi. Na wewe ungejibu nini?

Fundi aliandaa safari kwa akili ya ushonaji. Alishusha kiti cha baiskeli mpaka magoti yakapinda kama anavyokaa kwenye cherehani. Akashona takia nene la sifongo, lenye mishono ya marembo pande zote. Akalifunga juu ya kiti. Zawadi za dada alizijaza kwenye mfuko mkubwa, akautundika kwenye usukani. Asubuhi akaondoka bila hata kunywa chai. Roho yake ilikuwa imeshatangulia.

Kilima cha kwanza alikipanda akiimba. Cha pili kikamkata wimbo. Magoti yaliwaka moto. Mapaja yalichubuka kwenye mishono ya lile takia. Mfuko ulivuta usukani huku na huku kama mbuzi mkaidi. Mwisho akateremka, akakaa kando ya barabara, akalia. Magoti hayakumliza. Alimlilia dada.

Hapo ndipo jirani yake, muuza maziwa, alipomkuta. Mtaani walimwita Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Kila siku alivuka vilima hivyo hivyo na madumu yake.

"Pole, jirani," alisema. "Unakwenda wapi na mzigo wa harusi?"

Fundi akamweleza yote. "Kaka, miguu imeniaibisha. Na kukanyaga kote kule."

"Cherehani haipandi mlima. Pale miguu inasukuma gurudumu tu. Hapa inabeba mwili wako na mzigo wako. Hebu panda, nikushikie."

Fundi akapanda.

"Weka kisigino kwenye pedali iliyo chini. Mguu unatakiwa unyooke. Wako umepinda, ndiyo maana magoti yanauma." Akamteremsha, akapandisha kiti, akampandisha tena. "Sasa kanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Goti litapinda kidogo tu. Unaona?"

"Naona."

Fundi alipoteremka, Taratibu akaligeuzageuza takia. "Umelishona vizuri."

"Asante."

"Litoe."

Fundi akacheka huku machozi bado yako mashavuni.

"Takia laini sana linakuzamisha, halafu linakusugua," Taratibu alieleza. "Na vaa suruali isiyo na mishono minene mapajani. Mzigo upunguze. Ugawe sawa, uufunge chini, pande mbili za gurudumu la nyuma. Usukani uache huru."

"Basi nikirekebisha hayo, kesho naondoka."

"Kesho utafika hapa hapa."

"Macho ya dada hayanisubiri, kaka."

Taratibu akaushusha ule mfuko kwenye usukani. "Najua. Lakini dada anataka kukuona umefika. Hataki kusikia kwamba umelazwa njiani. Zoeza mwili kidogo kidogo. Anza kwa kwenda mpaka darajani na kurudi. Kisha nenda mlimani bila mzigo, halafu na mzigo. Na usiende peke yako."

"Basi twende wote," mumewe alisema jioni, Fundi aliporudi nyumbani na kumsimulia. Alikuwa na baiskeli ya kubebea ngazi yake. "Nani atakusikiliza njiani?"

Wakaanza mazoezi. Taratibu aliwafundisha kuziba pancha. Walitoa tyubu, wakaijaza upepo, wakaizamisha kwenye beseni la maji. Palipotoka mapovu ndipo palipokuwa na tundu. Aliwafundisha kukagua breki, cheni na upepo kila asubuhi, kunywa maji kabla ya kiu na kula kabla ya njaa. Waliwauliza wasafiri mahali penye maji na mahali pa kulala. Fundi akashona vizibao viwili vya rangi kali, ili madereva wawaone kwa mbali.

Lakini kungoja kulimtesa. Siku moja dada alisema ameanguka kwa sababu hakukiona kizingiti cha mlango wake mwenyewe. Fundi akaweka simu chini, akaanza kufunga mzigo. Alimtamani dada yake kama mtoto aliyeachwa nyumbani.

"Bado hatujapanda mlima na mzigo," mumewe alisema kwa upole.

Fundi alikaa chini, akaukumbatia ule mzigo. Kisha akaufungua.

Walipokwisha kuzoea kupanda mlima na mzigo, waliondoka, wakiwa wamekunywa chai na kushiba. Walipanda milima polepole, bila kushindana. Jua likiwa kali walipumzika kivulini. Kabla ya kuteremka walijaribu breki. Tairi la mume lilitoboka nyikani, mbali na mji wowote, wakaliziba wenyewe. Kila jioni walimpigia dada kumwambia walipofika. Magoti ya Fundi hayakulalamika hata mara moja.

Walimkuta dada amekaa nje ya nyumba yake, uso kwenye jua. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko Fundi alivyokumbuka. Fundi aliegesha baiskeli ukutani. Hofu ilimkamata. Je, kama amechelewa?

"Nani hapo?" dada aliuliza.

Fundi hakujibu. Aliogopa kwamba akisema neno, dada atamjua kwa sauti. Alipiga magoti mbele yake, karibu kabisa. Mumewe alibaki nyuma, kando ya baiskeli.

Dada aligeuza kichwa kidogo kidogo, akitafuta kwa lile tundu dogo la nuru. Akapata kidevu. Akapata shavu. Akapanda mpaka kwenye nywele, akatulia hapo.

"Umeota mvi," alisema. "Mdogo wangu, umeota mvi."

"Dada..."

"Ngoja kwanza. Sijamaliza kukuangalia."