Maji ya Kufika Gotini

Pale Dora, mjini Beirut, saa mbili asubuhi, kila mtu ana haraka na kila mtu ana honi. Ghinwa Shadid alisimama ukingoni mwa mzunguko na koti lake jekundu, buti za mlimani, mizani ya kuning'iniza begani, na bomba la alumini refu kuliko yeye mwenyewe. Gari la idara ya maji, alikofanya kazi, lilikuwa bovu, na madereva watatu wa mabasi walikwisha kulikataa lile bomba.

Boza la maji likasimama mbele yake, likaziba njia. Dereva alikuwa kijana mwenye jaketi la ngozi lililochakaa na nywele zilizochanwa kwa makini kuliko kazi yake ilivyohitaji.

"Dada, hiyo mizani ni ya samaki?"

"Ya theluji."

"Siku hizi theluji inauzwa kwa kilo?"

"Inapimwa. Wewe unauza maji, hujui yanatoka wapi?"

"Najua. Yanatoka hapo nyuma." Honi zikazidi. "Panda, kabla hawajanipiga mawe. Naenda mlimani kujaza. Bomba lako tutalifunga juu ya tangi."

Njiani Wadih, ndilo jina lake, aliuliza mengi, na Ghinwa alijibu yote. Kina peke yake hudanganya, alisema. Kuna theluji nyepesi na kuna theluji nzito. Unalididimiza bomba mpaka ligonge ardhi, unalivuta, unalipima uzito na theluji iliyomo, ndipo unajua kiangazi Beirut itakunywa nini. Kabla hawajafika Faraya, kule mlimani, alikuwa amekwisha kumpa namba ya simu. Mimi simlaumu. Mwanamume anayesikiliza mambo ya theluji kwa saa nzima si wa kuachwa barabarani.

Wakapendana kwa simu, majira yote ya baridi.

"Uko wapi, moyo wangu?"

"Ghorofa ya saba, nimebeba mpira wa maji, lifti haina umeme. Wewe?"

"Kwenye theluji. Vidole nimeshavisahau."

"Unizike, mpenzi. Shuka nikupashe moto."

Ndivyo tunavyobembelezana huku kwetu: unamwombea mpenzi wako aishi kukupita, akuzike yeye.

"Nitakuzika," Ghinwa alisema, "ila kwanza upunguze hayo mafuta ya nywele. Nayasikia mpaka huku."

Machi ilipofika milima ilikuwa myeupe kupindukia. Mkuu wa idara akatangaza redioni mwaka wa neema. Ghinwa alikuwa amepima mita mbili na ushei, lakini bomba lilimjia jepesi mkononi, na roho yake ikaingia baridi. Jioni ile alimwambia Wadih peke yake.

"Ukiiyeyusha yote, maji yanafika gotini. Mwaka jana yalifika kiunoni. Na mkuu anataka niandike kina tu."

"Andika ukweli."

"Nitaandika. Mwisho wa mwezi tunapima mara ya mwisho, niwe na uhakika."

Wiki haikupita, wakulima wa tufaha wa Ain Lawz, kijijini kwa mama yake, wakampigia. Abu Wadih, baba yake Wadih na mwenye lile boza, amekodi visima vyao vyote vitano mpaka Oktoba. Wao walikubali. Si redio imesema ni mwaka wa neema?

Ghinwa akapiga simu akiwa amesimama.

"Nilikuambia wewe tu."

"Nilisema mezani, Jumapili. Nilikuwa najivuna, Ghinwa. Nilisema msichana wangu anajua asichokijua mkuu wake. Baba akaweka kijiko chini."

"Umejivunia kiu ya watu wangu."

"Sikujua kwamba..."

"Usinipigie tena."

Alilia, kisha akakasirika kwa kuwa amelia.

Karatasi ya vipimo hutaka saini mbili, ya mpimaji na ya shahidi. Siku ya kipimo cha mwisho, mkuu alimzuia Munir, aliyekuwa akitia saini ya pili, asitoke ofisini. "Kina tu, binti yangu," alimwambia Ghinwa. "Ukienda peke yako, karatasi yako ni takataka."

Akaenda peke yake.

Kwenye nguzo ya kwanza ya kupimia theluji alimkuta Wadih, theluji magotini, viatu vya mjini, nywele hazijachanwa.

"Sikukuita."

"Najua. Kijijini wanasema Munir kazuiliwa. Unahitaji shahidi."

"Unajua karatasi hiyo nitaibandika wapi? Mlangoni pa manispaa ya Ain Lawz. Watu wataziba nyufa za matangi, watakinga mvua ya Aprili, watavidai visima vyao. Agosti hawatampigia baba yako magoti."

"Ndiyo maana nimekuja na kalamu."

"Sijakusamehe."

"Sikuja kusamehewa. Nipe bomba."

Wakapima sehemu kumi. Wadih alisoma mizani, Ghinwa akaandika, na kila mara akamwambia, "Soma tena," naye akasoma tena bila kunung'unika. Sentimita hamsini na mbili za maji. Gotini. Wadih akaandika jina lake zima, na chini yake: dereva wa boza, shahidi.

"Na kazi yako?" aliuliza.

"Wanifukuze. Theluji hawataifukuza."

Karatasi ilikuwa bado haijatulia mlangoni, wakulima wameizunguka na wengine wanaisoma kwa sauti, simu ya Wadih ikaita. Sauti ya baba yake ilisikika mpaka alipokuwa Ghinwa.

"Umetia saini?"

"Nimetia, baba."

"Basi nyumbani kwangu usirudi."

"Ufunguo wa boza uko juu ya friji."

Akakata simu. Aliirudisha mfukoni, akaibana kwa kiganja kona ya karatasi iliyokuwa ikipeperushwa na upepo. Ghinwa aliuona mkono ule, na hasira yote aliyokuwa ameibeba mlimani ikamwishia palepale.

"Una pa kulala?"

"Sina."

"Mama atauliza wewe ni nani. Nimwambie nani?"

"Mwambie shahidi."

"Shahidi kwetu hapewi chumba. Mchumba hupewa, tena cha mbali na changu."

Wadih akamtazama, kisha akautazama mlango wenye majina yao mawili, moja chini ya jingine. "Basi mwambie hivyo."

Ghinwa alikwisha kupiga simu.

"Mama," alisema, mbele ya kijiji kizima, "ongeza sahani moja."