Barua ya Ildefons Iliyosomwa Vingine

Itambulike kwa watu wote, wa Ijumbi na wa mbali, kwamba Jovita Karugendo, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, ndiye Mkuu wa Posta wa kijiji. Itambulike pia kwamba ofisi yake ilikuwa mkoba wa shule uliokatika mkanda, na kwamba asubuhi ile Mkuu wa Posta alifyekeshwa nyasi kwa kuchelewa namba shuleni.

Ilikuwa Novemba 1986. Kila Jumanne mzee Ta Byarugaba alitembea hadi Muleba kuchukua barua kwenye sanduku la parokia. Alianza utarishi ujanani, enzi za Waingereza, akija kwa miguu kutoka Bukoba na barua zimebanwa kwenye ufa wa fimbo ili zisilowe jasho. Hakujua kusoma. Kwa hiyo jioni alimkabidhi Jovita barua, naye akazigawa nyumba kwa nyumba na kuwasomea wasiojua.

Katika kazi hiyo Mkuu wa Posta alifanya uchunguzi wa kina: barua nzuri huleta senene, panzi wale wa kukaanga, barua mbaya huleta kilio, na msomaji huondoka mikono mitupu. Akaanza kuzirekebisha. Shangazi aliyesalimia mstari mmoja akasalimia mistari kumi. Ng'ombe aliyekufa akazaa mapacha.

Jumanne moja ikaja barua kwa Ma Felicitas, mjane jirani yao. Mwanawe pekee, Ildefons, alibaki Bukoba mjini tangu arudi kutoka vitani Uganda. Jovita akaifungua mbele ya mama huyo.

"Mama, nimelazwa hospitali hapa Bukoba," iliandikwa. "Nimekonda, sijiwezi. Njoo upesi nikuone."

Miaka ile makaburi mapya yalichimbwa migombani karibu kila wiki. Ugonjwa wenyewe, UKIMWI, watu waliuita Juliana, tena kwa kunong'ona. Bakuli la senene lilikuwa tayari mkekani.

"Hajambo kabisa," akasema, kana kwamba anasoma. "Amenenepa. Jana alimaliza samaki mzima, sato, peke yake. Atakuja Krismasi."

Ma Felicitas akapiga vigelegele. Jovita akatafuna senene, lakini walimshinda kumeza.

Wiki iliyofuata mama yule akamwita tena. Ta Byarugaba alikuwa amekaa uani.

"Nisomee tena, mwanangu, pale penye chakula. Ta naye asikie."

"Amekula... nyama. Na ndizi."

"Wiki iliyopita alikula sato."

Jovita akaigeuza karatasi.

"Kusoma sijui," Ma Felicitas akasema polepole, "lakini kusikia najua. Karatasi haibadilishi chakula."

"Soma kilichoandikwa," Ta Byarugaba akaamuru.

Akasoma, machozi yakidondokea wino. Ma Felicitas hakumpiga wala kumtukana. Alifunga kitenge chake, akadandia lori la kahawa hadi Bukoba. Alimkuta Ildefons hai, lakini sauti ilikuwa imekwisha. Alimshika mkono kwa siku mbili, kisha akarudi na mwili wake ndani ya jeneza.

Mazishini, Buberwa, baba mdogo wa marehemu, alifoka mbele ya watu.

"Wiki nzima! Mtoto anamwita mama yake, barua imelala kwa mzee huyu! Utarishi umemshinda, aache!"

Kwa miaka arobaini Ta Byarugaba hakuwahi kuchelewesha barua. Aliinamisha kichwa, akaipokea lawama. Ma Felicitas naye alitazama chini. Jovita akaelewa kwamba wazee hawa wawili walikuwa wanalificha kosa lake.

Akasimama.

"Barua haikulala kwa Ta, baba. Ilifika siku ileile. Mimi niliisoma uongo. Nilisema amenenepa. Na barua nyingine pia nilizisoma uongo. Ng'ombe wa mzee Mushumbusi alikufa."

Hakuna aliyecheka. Ta Byarugaba akainua kichwa, akamtazama.

"Mimi sijui kusoma, Jovita, na barua zangu zilifika nzima. Wewe umesomeshwa, ikafika nusu. Habari mbaya ina mwenyewe kama mali nyingine yoyote, ukimnyima, umemwibia. Siku saba za mama huyu huna mahali pa kuzitoa. Jumanne utakuja kwangu kuchukua barua, utazisoma neno kwa neno, hata kama unalia."