Mstari wa Nane wa Vitunguu Saumu

Haya yalimpata Jerop, mke wa Kipyego, kwenye ploti yao ya robo ekari kando ya barabara ya kwenda Kaptagat. Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya Agosti, na ilianza kama siku zingine. Kipyego alitoka mapema kwenda Huruma, ambako ana karakana ya kuchomelea milango na madirisha. Jerop akakamua ng'ombe, akafua nguo, akachemsha chai. Alipotoka kuchuma sukuma wiki ya mchana, akakuta hakuna.

Mama mkwe wake, Tryphosa, alikuwa ameing'oa yote na kuilaza kando. Mahali pake alikuwa ametengeneza tuta, akachanganya mbolea ya ng'ombe, na sasa alikuwa ameinama akipanda vitunguu saumu. Kila kipande alikisukuma kwa kidole gumba, kitako chini, ncha juu, akiacha nafasi ya kiganja kati ya kimoja na kingine. Mistari saba ilikuwa tayari.

Jerop aliuliza kwa nini hakuambiwa. Tryphosa akajibu bila kuinua kichwa kwamba sukuma ilikuwa imezeeka na kujaa wadudu, na kwamba saumu ikipandwa sasa wangevuna kabla ya Krismasi. Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililomchoma Jerop. Kila siku mama yule alisema kweli, na kila siku aliisema akiwa amempa mgongo.

Saa tisa mvua ikaja. Jerop alikuwa jikoni na redio yake, Tryphosa bado yuko kwenye tuta.

"Jerop."

Alisikia vizuri.

"Jerop, njoo uniinue."

Haikuwa sauti ya kupiga kelele. Mlango ulikuwa hatua tatu tu. Jerop alijiambia kwamba mama ameteleza kwenye matope na anataka mtu wa kumshika mkono, basi leo naye aonje kidogo inavyokuwa kutojaliwa. Akaongeza sauti ya redio.

Mama akaita mara ya tatu. Ya nne haikuja.

Mvua ilipokatika alimkuta amelala kwenye mfereji kando ya tuta, shavu majini, mkono mmoja umezama kwenye udongo. Mstari wa nane ulikuwa umefika nusu.

Tryphosa alikaa hospitalini siku mbili bila kutamka neno. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani, akauliza alianguka saa ngapi. Jerop akasema hajui. Kila alipozunguka kitanda, macho ya mama yalizunguka naye. Kipyego aliuliza mara moja tu.

"Hakuita?"

"Mvua ilikuwa kubwa," Jerop akasema.

Walimzika Jumamosi. Watu walimsifu Jerop kwa jinsi alivyomtunza, naye akainamisha kichwa, wakadhani ni majonzi.

Wiki mbili baadaye saumu ikachipuka, mistari saba na nusu. Kisha asubuhi moja Jerop akaona ile nusu imesonga mbele, imepita pale mama alipoangukia. Alifukua chipukizi moja. Kipande kilikuwa kimekaa kitako chini, ncha juu, ndani ya kishimo cha upana wa kidole gumba. Udongo wa pembeni ulikuwa umebanwa.

Akang'oa yote yaliyozidi. Saa tisa mvua ikanyesha. Ilipokwisha, yalikuwa yamerudi, na mengine mbele yake. Mstari ulikuwa umetoka kwenye tuta. Ulikuwa unapita kwenye nyasi. Ulikuwa unaelekea jikoni.

Kipyego alipouona jioni aliuliza nani amepanda hadi huku. Jerop akasema ni yeye, anamalizia kazi ya mama. Kipyego akamshika bega. Alimwambia mama angefurahi sana.

Jirani yao Waceke, anayeuza mboga sokoni, alikuja Alhamisi kuomba dania. Alisimama akiutazama ule mstari muda mrefu. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti.

"Siku ile mimi nilimsikia. Nilikuwa hapo kwa kuku. Alikuita mara tatu."

Jerop aliinama akachuma dania.

"Nikasema, si Jerop yuko, atatoka tu." Waceke alijifunga leso upya ingawa haikuwa imelegea. "Hata mimi silali vizuri, mama."

Akaenda zake. Dania aliiacha hapo hapo.

Kesho yake mvua iliwahi. Mstari ulikuwa umefika karibu na ngazi ya jikoni. Jerop alizima redio, akakaa kwenye stuli, akasikiliza. Chini ya kishindo cha mabati kulikuwa na mlio mwingine, mdogo. Tope linabonyezwa. Linaachwa. Linabonyezwa tena. Karibu zaidi. Kisha kimya.

"Jerop."

Sauti ilitoka chini, usawa wa kizingiti. Sauti ya mtu aliyelala.

"Njoo uniinue."

Akafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Mvua tu, na majani mabichi kumi na moja kwenye nyasi. Alipiga magoti mwisho wa mstari. Akanyoosha mikono.

Kitu kikamshika mkono wa kushoto.

Kilikuwa baridi. Kilikuwa kizito. Jerop aliinua huku analia, akisema, "Nisamehe, mama, nilisikia, nilisikia." Uzito ukamwegemea begani. Walienda pole pole. Mguu mmoja ulikuwa unaburuta, na haukuwa wake. Alifika kwenye chumba cha Tryphosa, akainama juu ya kitanda, na mkono wake ukaachiliwa.

Kipyego alimkuta hapo sakafuni saa kumi na mbili. Blanketi lilikuwa limelowa katikati, urefu wa mtu, na tope mahali pa miguu.

"Aliita," Jerop akamwambia. "Nilisikia."

Kipyego alikaa mlangoni hadi kukawa giza.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Hakumpiga wala hakumfukuza. Alibeba godoro mwenyewe akalitoa nje, akarudi akafunga kile chumba. Lakini kwa miezi mingi hakumwita mkewe kwa jina. Alisema tu "wewe", au alingoja Jerop ageuke. Mstari haukusonga tena. Desemba walivuna, wakagawia majirani, na mwaka uliofuata Jerop akapanda karoti.

Ila mkono wake wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, una alama nne upande mmoja na moja upande wa pili. Muuguzi alimwambia ni damu imevilia, zitaisha baada ya wiki mbili. Sasa ni mwaka wa tatu. Ya mwisho, ya kidole kidogo, imepinda kwa nje. Siku Kipyego alipoitazama vizuri, aliweka kidole chake juu yake, akasema mama yake alivunjika kidole hicho akiwa msichana, wala hakikuwahi kunyooka. Kisha akaishusha sweta ya mkewe ikafunika mkono, akatoka kwenda kukamua.

Mvua ikikaribia, kabla wingu halijafika, alama zile huanza kutoa maji.